Alikula Akijua

Mamdogo aliliinua lile jagi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. "Na hili? Tutupe?" Tulikuwa jikoni kwa mama, Mount Druitt, huku Australia, wiki chache baada ya kumzika, tunagawana vyombo vyake. Sufuria zilishapata wenyewe, vitenge vilishapata wenyewe, hata birika bovu lilishapata mtu wa kulitetea. Jagi lenyewe ni la plastiki, rangi ya chungwa, mpini umepasuka ukafungwa kwa waya. Nikamwambia, "Thubutu! Uguse tena uone." Mamdogo, mtu mzima, dada wa marehemu, alibaki ameduwaa na jagi mkononi.

Nilimpokonya nikalinusa. Wengine wananusa nguo za marehemu wao, mimi nilinusa jagi. Ndani linanuka plastiki ya zamani, limau, na samaki kwa mbali. Harufu ile ilinipandishia hasira niliyodhani imeisha, hasira ya mtoto, isiyojua aibu. Nyinyi wenzangu mliokuja nchi hii wadogo, mkaingizwa katika shule zao na vichwa vyenu vikapimwa kabla hamjatua mkoba, mtanielewa. Anayeona nina kisirani, sawa, ninacho.

Tulitoka kambini Kigoma, mama na mimi tu. Baba alibaki kwetu Fizi, ardhini, na hayo si ya leo. Kambini darasa letu lilijaa mpaka wengine wakasomea dirishani, na mwalimu alikuwa na desturi yake. Wanaofanya vizuri walitolewa nyuma wakakalishwa karibu na ubao. Wale wachache wa juu kabisa waliitwa kwenye kibanda cha walimu, wakafundishwa peke yao, na siku nyingine wakapewa biskuti za msaada. Kila mzazi alijua maana yake. Mtoto akiitwa kibandani, mama yake anakwenda kwenye foleni ya maji kidevu juu. Mama yangu alikwenda hivyo mpaka siku tuliyopanda ndege.

Kitu kingine nilichotoka nacho kule ni adabu ya mama, na mama alikuwa mkali, nyie acheni. Mkubwa akikusemesha, unatazama chini. Humjibu haraka haraka kama mtu anayeshindana naye. Na mkubwa akikuuliza jambo ambalo yeye mwenyewe analijua, huyo hatafuti jibu, anakupima kama una heshima, kwa hiyo nyamaza. Ndiyo maana hata leo ukiniambia niukumbuke uso wa mama akinisemesha nikiwa mdogo, siupati. Naikumbuka miguu yake. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kucha iliyopasuka katikati, na ile kucha naijua kuliko ninavyoijua pua yake.

Shule ya hapa ilikuwa ya matofali mekundu, karibu na barabara ya malori. Niliingia mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Kabla sijapewa hata dawati nikapelekwa kwa mwanamke mmoja mwenye mvi, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo. Akafunua picha ya ndizi. "Hii ni nini?"

Jamani! Mtu mzima, ana ofisi, ana gari pale nje, haijui ndizi? Nikasema moyoni, hapa ndipo mama alipopasema, ninapimwa adabu. Nikashusha macho, nikanyamaza, na kwa kuzidisha heshima nikakunja goti kidogo. Akafunua mbwa. Akafunua mwavuli. Yote niliyajua kwa Kiingereza, kambini tulikuwa tukiyaimba. Akafunua nyumba isiyo na mlango, akauliza kimepungua nini, nami nikamwonea haya kwa niaba yake. Kadiri nilivyonyamaza ndivyo alivyozidi kusema polepole na kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilitoka mle nikiwa na hakika kwamba nimefaulu vizuri sana.

Na kweli, kesho yake nikachaguliwa! Mwalimu wa darasa kubwa hakunikalisha kabisa. Alinishika mkono akanipeleka mwisho wa korido, kupita vyoo vya walimu, akafungua mlango wa chumba kidogo chenye kapeti laini na mito ya kukalia. Kilinuka udongo wa rangi wa kuchezea na juisi ya machungwa. Mwalimu wake aliitwa Miss Donna, mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kubembeleza na pete kubwa ya jiwe la bluu. Akanipa juisi. Akanipa biskuti. Mnaona wenyewe? Kibanda cha walimu, biskuti, wachache peke yao. Ningefikiri nini kingine?

Tulikuwa wachache mle, na karibu wote weusi. Walikuwepo ndugu wawili kutoka Sudan Kusini. Alikuwepo Eric, Mrundi, aliyekuwa akijumlisha namba za magari yaliyopita dirishani kwa kichwa tu, bila kidole. Alikuwepo na msichana wa wenyeji wa nchi hii, wale waliokuwa hapa kabla ya kila mtu, naye pia kawekwa mwisho wa korido. Siku nzima tulibandika makaroni kwenye karatasi kwa gundi. Tulikata maumbo. Tuliimbishwa siku za wiki. Mimi nikaamini kwamba Australia waliochaguliwa wanapumzishwa, akili zao zinatunzwa kama nguo ya sikukuu. Nikienda chooni nilichungulia darasa kubwa, nikawaona wenzangu wamekunja nyuso juu ya hesabu za sehemu, hesabu nilizozimaliza kambini nikiandika mchangani kwa kijiti. Niliwahurumia. Naapa, niliwahurumia.

Mama alikuwa akifanya kazi ghalani, kupanga vitunguu kwenye mifuko, alfajiri mpaka mchana, akirudi macho mekundu na harufu ya vitunguu imemganda mpaka kwenye nywele. Siku niliyomweleza habari ya chumba kile alikuwa bado hajavua buti.

"Ni kalasi ya wachache?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwalimu wenu peke yenu?"

"Ndiyo. Na juisi."

Akakaa chini sakafuni, palepale mlangoni. Akaniuliza tena habari ya biskuti. Halafu akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka jirani, mzee mmoja aliyezoea kutugongea ukuta, akagonga ukuta. "Agonge!" mama alisema. "Agonge mpaka mkono umuume. Mtoto wangu Faida amechaguliwa na wazungu."

Kwa watu wa kwetu jambo kama hilo halikai nyumbani. Linapelekwa kanisani. Familia iliyobarikiwa inaingia na sadaka ya shukrani ikicheza toka mlangoni mpaka mbele, watu wanaipokea kwa nyimbo, na baada ya ibada familia hiyo inalisha kanisa zima. Kanisa letu lilikodi ukumbi wa jamii kila Jumapili, ukumbi wenye meza za kukunja na jiko dogo nyuma. Mama alipika tangu Ijumaa. Sombe ya majani ya muhogo, wali, bugali, kuku, na samaki wakubwa aliowafuata mwenyewe kwa treni, akawakaanga kwa limau mpaka nyumba ikawa haingiliki. Na akaamua kwamba mgeni wa heshima atakuwa Miss Donna. Alikuja mpaka getini shuleni na nguo zake za kazi, akamshika mikono miwili, akamwambia kwa Kiingereza chake chote alichokuwa nacho: "Sunday. Church. Eat. You come." Miss Donna akafurahi, akasema atakuja.

Akaja. Lo, alikuja! Gauni la maua, viatu vyeupe. Alikalishwa mbele, kando ya mchungaji, na pembeni yake akakaa Da Rehema ili amtafsirie. Da Rehema alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, mwanafunzi wa chuo aliyefanya kazi jioni katika nyumba ya kutunzia wazee, na alikaa mtaa wetu. Alikuwa Mwislamu. Alisema mwenyewe kwamba kanisani kwetu amefuata mambo mawili tu, tafsiri na samaki.

Mama na mimi tuliingia tukicheza, kitenge kimoja, yeye na sinia kichwani, mimi na kikapu. Mchungaji akashika kipaza sauti. Akaeleza kirefu, na Da Rehema akageuza kila sentensi kwa Kiingereza safi kwenye sikio la mgeni. Kwamba mtoto huyu yatima wa baba, kati ya watoto wote wa shule kubwa, wazungu na Waarabu na Wachina, ametolewa akawekwa katika darasa la wenye akili. Kwamba mwalimu aliyemchagua ni huyu hapa, Mungu ambariki na uzao wake. Watu wakasimama. Kina mama wakamfunika Miss Donna kitenge kipya mabegani, wakamzungusha, wakampigia vigelegele.

Sasa sikilizeni hapa. Yule mwanamke alisikia. Kila neno lilimfikia kwa lugha yake mwenyewe. Nilikuwa namtazama viatu, na viatu vyake vilitulia ghafla vikarudi nyuma hatua moja. Angeweza kusema. Kipaza sauti kiliwekwa mkononi mwake. Alikohoa kidogo, akasema, "Faida ni msichana mzuri sana, ana tabasamu zuri sana. Asante sana." Lile la mwisho alilisema kwa Kiswahili, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Kisha akaketi, akapokea sahani.

Kwetu, mtoto wa nyumba yenye sherehe ndiye anayenawisha wageni. Unapita na jagi na beseni na taulo begani, unapiga magoti, unamwaga maji polepole huku mgeni anajisugua. Nilimnawisha Miss Donna kabla ya kula, kwa jagi letu hilihili la chungwa. Baada ya kula nikarudi kwake tena, na mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya samaki mpaka kwenye pete. Nilipiga magoti nikaanza kumwaga. Hapo ndipo Da Rehema, ambaye alikuwa na jambo moyoni tangu ile hotuba, alipomuuliza kwa Kiingereza, kiungwana kabisa, "Samahani, hivi watoto wa darasa lile huwa mnawachagua vipi?"

Miss Donna akapumua. "Ah, mpenzi. Si darasa la namna hiyo." Akasema ni la watoto walio nyuma sana, wale ambao darasa la kawaida haliwawezi. Akasema mimi sikuweza kutaja hata picha moja, hata ndizi, na kwamba labda kuna kitu kilitokea kambini kikaugusa ubongo. Akasema mwakani nitakwenda sekondari, na huko wameshanitafutia chumba kama kile kile, nitafundishwa kufua na kupanda basi. "Sikuwa na moyo wa kuwaharibia siku yao," akasema. "Wamefurahi mno. Na chakula hiki, Mungu wangu!"

Yote hayo aliyasema juu ya kichwa changu, mikono yake chini ya maji yangu. Hakupunguza hata sauti kwa ajili yangu. Kwani mtu ananong'ona mbele ya kiti? Lakini Kiingereza nilikuwa nakielewa. Nilikuwa na nyimbo za kambini, na televisheni nyumbani kwetu ilikuwa haizimwi, nikijifunza kimya kimya kila jioni. Nilielewa "nyuma sana". Nilielewa "ubongo". Nilielewa "mwakani". Nikaendelea kumwaga maji maana sikujua kitu kingine cha kufanya, mpaka beseni likajaa, likafurika, maji ya mafuta yakamwagikia viatu vyake vyeupe.

"Upsi!" akacheka. Akaniinamia, akasema polepole na kwa sauti kubwa, "Ni-sawa-tu-mpenzi."

Alipoondoka aliondoka na kitenge, na bakuli la samaki wa kubeba aliofungiwa na mama mwenyewe. Aliwapenda mno, alisema.

Da Rehema alimfuata mama kwenye lile jiko la nyuma, mama akisugua sufuria. Mimi nilikuwa nafuta vyombo. "Mama Faida, nina neno. Naomba uniwie radhi, si zuri." Akalisema lote bila kulipaka sukari, na ninamheshimu kwa hilo mpaka kesho. Mama hakuacha kusugua. Alisugua pale pale, mahali palipokwisha takata zamani.

"Alijua wakati pasta anasema?"

"Alijua, mama. Mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria."

"Alijua, na akakula samaki yangu."

"Alikula."

"Na akabeba."

Mama akanigeukia. "Weye ulisikia haya?" Nikatikisa kichwa kukubali, macho kwenye kucha yake. "Ulielewa Kiingereza yake?" Nikakubali tena. "Na ile siku ya mapicha, ndizi, mbwa, uliyajua?"

"Niliyajua yote, mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulisema mkubwa akiuliza anachokijua, ninyamaze."

Sufuria ilimponyoka ikaanguka kwenye sinki. Da Rehema akasema taratibu, "Mama, hapa ni kinyume. Hapa mtoto asipowatazama machoni wanasema ana ugonjwa. Asipojibu, wanasema hana kitu kichwani." Mama akasimama pale mikono ina povu, kanisa bado linaimba ukumbini, linamshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Asubuhi yake hakwenda ghalani, ingawa pale ukikosa zamu wanampigia mwingine wala hawakuulizi habari. Alikwenda shuleni, buti na fulana ya njano ya kazi, mimi mkono mmoja, Da Rehema upande wa pili. Tukaingizwa kwa mwalimu mkuu, mwanamke mrefu ambaye mama alimwita direktrise tangu mwanzo mpaka mwisho. Miss Donna naye akaitwa, akaja akitabasamu. Wote walikuwa wapole. Ule upole wao, jamani! Mimi nimepigwa viboko kambini, na naapa ningechagua viboko. Upole ule haukupi mahali pa kushika. Walisema wananipenda. Walisema niko salama mle, nina furaha, kwa nini kunitwisha mzigo. Walisema kuna utaratibu, na utaratibu ulishafuatwa, na mahali pangu pa mwakani palishapatikana kwa bahati nzuri, maana nafasi zile zinagombewa. Wakaleta chai.

"Mwambie sitakunywa," mama alimwambia Da Rehema. "Huyu alikula kwangu akijua. Miye siwezi kunywa kwake nikijua."

Da Rehema akasita. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Akaambiwa. Miss Donna akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema yeye alitaka tu kuwa mwema. Mama akasikiliza tafsiri, akasema, "Wema wako ungemfanya mtoto wangu mjinga mpaka afe. Mpimeni tena. Miye nikiwepo." Direktrise akasema mwenye kupima ana shule nyingi, haji mpaka aitwe, na foleni ni ndefu. Mama akauliza viti vya wageni viko wapi. Akaenda akakaa pale mapokezi, fulana ya njano, mikono kifuani, na kila mzazi aliyeingia alimkuta pale. Wakamwambia aende nyumbani watampigia. Akakaa. Kesho yake akarudi akakaa. Ghalani wakampa nafasi yake mtu mwingine, akaendelea kukaa. Nadhani walichoka kumweleza kila anayeingia yule mwanamke mweusi anafanya nini pale, kwa sababu hatimaye mwenye miwani ya mnyororo akaja.

Kabla sijaingia, mama alinivuta pembeni, karibu na bomba la kunywea maji. Nilitazama buti zake. Akanishika kidevu akakiinua, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia, macho yangu yakang'ang'ania buti.

"Leo nakufungua," akasema. "Mutazame machoni. Akiuliza, mujibu. Akiuliza upuuzi, mujibu upuuzi wake. Usingoje."

"Kama mtoto asiye na adabu?"

"Kama mtoto asiye na mama."

Nikaingia. Mama akakaa nyuma, Da Rehema kando yake. Yule mwanamke akafunua ndizi, ile ile. Nikainua macho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama mtu mzima moja kwa moja, na nilijiona kama niliyeiba. Macho yake yalikuwa ya kijivu na yamechoka. "Ni ndizi," nikasema kwa Kiingereza. "Uliniuliza mara ya kwanza. Na wewe unajua ni ndizi." Akavaa miwani. Mbwa. Mwavuli. Nyumba: "Haina mlango. Na bomba la moshi liko upande ambao hakuna jiko." Akaacha picha, akatoa hesabu. Nikazimaliza. Akatoa kisa cha kusoma, nikakisoma, akauliza maswali, nikamjibu, na kila jibu nilimtupia usoni. Sikuwa na furaha hata chembe. Nilikuwa nataka kuwaumiza, yeye na Miss Donna na mlango ule wa mwisho wa korido, na majibu ndiyo mawe niliyokuwa nayo. Alipofunga mkoba wake alikuwa hatabasamu tena, na hapo nikajua kwamba ameniona.

Wakanihamishia darasa kubwa. Mnadhani waliomba radhi? Aka! Direktrise alituita, akampa mama mkono, akasema wamefurahi sana, na kwamba haya ndiyo matunda ya chumba kidogo, chumba kile kinafanya maajabu. Da Rehema akainamia mkoba wake. Mama akamwambia, "Nitafsirie." Akasema, "Mama, acha tu." "Nitafsirie!" Akatafsiri. Mama akasema, "Mwambie na wale waliobaki mle ndani awafanyie hayo maajabu leo. Aanze na yule Mrundi."

Hawakumfanyia. Eric alibaki mle mpaka mwisho wa mwaka, akahamishiwa chumba kingine cha namna ile sekondari, na alikuwa ananipita kwa hesabu mbali sana. Tofauti yetu ilikuwa kiti cha mapokezi. Mama yake alifanya zamu mbili, hakuwa na siku ya kukaa. Nikisikia watu kwenye redio wakijiuliza kwa masikitiko kwa nini watoto wetu hawafiki, nazima redio. Mimi nimefika. Nafanya kazi hospitalini Liverpool, Liverpool ya huku huku Australia, napiga picha za mifupa, na kila mzungu mwema anayeniambia nimejitahidi sana namkumbuka Eric, na simjibu vizuri.

Lakini jagi si kwa ajili ya Eric. Jagi ni kwa ajili ya jioni ya siku ile niliyopimwa tena. Tulirudi nyumbani, mama akachoma samaki mmoja, mdogo, ndiye aliyebaki kwenye friji. Nikaenda kuchukua jagi ili nimnawishe kama kila siku. Akanitangulia. Akalichukua yeye, na beseni, na taulo akaiweka begani kwake. "Nawa," akasema. Nikanyoosha mikono. Mama yangu akaninawisha mimi, mtoto, maji ya vuguvugu, polepole, kama mgeni wa heshima.

Nikainua macho nikamtazama. Sikukusudia; yalipanda yenyewe, yalikuwa yameshajifunza. Nikaona kwamba macho yake yana rangi ya kahawia iliyofifia, na mishipa myekundu ya vitunguu, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kujua kwamba analo.

"Hapa ni nyumbani, Faida," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa shusha macho."

Nilijaribu. Niulizeni mimi, nilijaribu kweli. Niliyatuma chini kwenye beseni, kwenye ile kucha iliyopasuka, na yakarudi palepale usoni mwake. Alisubiri. Maji yaliendelea kumwagika mpaka jagi likaisha. Halafu ni yeye aliyeshusha ya kwake, akanikabidhi taulo, akaenda kupakua.